Nilienda kuona mti wa Newton nikabaki naangalia ukuta

Watu wengi wakifika Woolsthorpe, Uingereza, kwenye nyumba alikozaliwa Newton, wanaenda moja kwa moja kwenye mti. Mti upo kweli, mtofaa mkongwe umelala kidogo upande, na ndio ule wanaosema Isaac Newton, yule mwanasayansi, aliona tunda linaanguka akaanza kujiuliza kwa nini vitu vinaanguka chini na sio pembeni. Dhoruba iliuangusha mwaka 1820 lakini mizizi haikufa, ukachipua tena na mpaka leo unazaa. Mpwa wangu ndo alitaka twende, ana miaka 11, Newton wamemsoma shuleni, basi akawa ananivuta mkono, mjomba njoo, mjomba piga picha. Nikapiga. Halafu nikageuka nyuma nione nyumba, nikasimama hapo hapo, na mti sikuuangalia tena siku ile.

Kwa wasionijua, mimi ni mwashi, nafanya kazi Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, na vijiji vya kupanda Kilembe. Nilianza na miaka 16 kubebea mafundi mchanga na maji, baadaye nikashika mwiko. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchimba shaba kwenye mgodi wa Kilembe na ndo maana sisi nyumbani tulikua na Kiswahili, mgodini watu walikuwa wametoka kila upande, Wakonzo, Watoro, Wakiga, watu wa Kongo, watu wa Rwanda, sasa wangeelewana kwa lugha gani. Dada yangu mkubwa anaishi Uingereza, mji unaitwa Grantham, anahudumia wazee, na mwaka huu alinilipia tiketi nikakaa kwake wiki tatu mwezi wa tatu. Baridi sitaiongelea, mnaijua kwa kusikia na inatosha.

Hiyo nyumba ya Woolsthorpe haiko mbali na Grantham, mkoa ni huo huo wa Lincolnshire. Wanaiita manor, mtu akisikia anafikiri ni jumba la bwana mkubwa, lakini ukifika ni nyumba ya wakulima, ghorofa moja juu, mlango wa kawaida, zizi na ghala pembeni. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1600, babu yake Newton aliinunua 1623, na Newton mwenyewe akazaliwa humo chumba cha juu tarehe 25 Desemba 1642 kwa kalenda yao ya wakati ule, baba yake akiwa ameshafariki miezi michache kabla. Walikuwa wafuga kondoo wenye ardhi yao wenyewe, sio mabwana na sio vibarua, watu wa katikati, na hii nataka muikumbuke kwa sababu ndo inaelezea nyumba yenyewe. Miaka ile ya kuanzia kama 1570 mpaka 1640 na kitu wakulima wa aina hii Uingereza walipata hela, sufu inauzika, nafaka inauzika, wakabomoa vibanda vyao vya mbao na udongo wakajenga upya kwa mawe. Wanahistoria wao wanauita ujenzi mkuu. Kwa hiyo hizi nyumba za mawe za shambani tunazoziona kwenye picha tukadhani zipo tangu Adamu, nyingi ni za kizazi kimoja viwili vya watu waliokuwa wamepata nafuu, kama vile huku kwetu kahawa ikipanda bei unaona mabati mapya kijiji kizima.

Sasa ukuta. Rangi yake sio nyeupe na sio kijivu, ni kama asali iliyochanganywa na maziwa, jua likiutokea unawaka. Nikasogea karibu mpaka pua ikagusa, nikaona jiwe limejaa chembe ndogo za mviringo kama mayai ya samaki, zimeshikana, na katikati yake vipande vya makombe. Hilo ni jiwe la chokaa, na hizo chembe zilijiviringisha kwenye maji ya bahari yenye joto na kina kifupi miaka kama milioni 170 iliyopita. Yaani hapo nilipokuwa nimesimama na makoti mawili palikuwa bahari ya joto. Nilishangaa lakini pia nilijisikia niko nyumbani kidogo, kwa sababu nilishawahi kufanya kazi Mombasa miaka miwili, Mji wa Kale, chini ya fundi mmoja mzee tuliyekuwa tunamwita Mwalimu, na kuta za kule ni matumbawe. Ukilipasua unaona wadudu wa bahari. Fort Jesus yenyewe, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, imesimama kwenye matumbawe na imejengwa kwa matumbawe, na Lamu hivyo hivyo, na Unguja. Kwa hiyo mkulima wa Lincolnshire na tajiri wa Lamu miaka ile ile walikuwa wanafanya kitu kimoja bila kujuana, wanachimba bahari ya zamani wanaisimamisha iwe ukuta.

Na hawakulichagua jiwe kwa uzuri. Hili nilianza kuliona kwenye treni kabla hata sijafika. Ukitoka London kwenda kaskazini ukipita Peterborough nyumba ni matofali, kwa sababu chini ya pale kuna udongo wa mfinyanzi mwingi sana, halafu unasogea mbele kidogo tu, vijiji vinageuka mawe, ghafla, kama mtu amechora mstari. Mstari upo kweli ila uko chini ya ardhi. Kuna mkanda wa jiwe la chokaa unaanzia Dorset kule kusini kwenye bahari unapanda Cotswolds, Northamptonshire, Rutland, Lincolnshire mpaka Yorkshire, na nyumba za shamba za mawe ya rangi hiyo zimeufuata huo mkanda kama ng'ombe wanavyofuata mto. Ukitoka nje ya mkanda nyumba zinabadilika. Dartmoor kule kusini magharibi chini ni matale, basi nyumba zao ni za matale, kubwa, za kijivu, za chini chini, na za zamani zilikuwa ndefu, watu upande wa juu wa mteremko na ng'ombe upande wa chini, chini ya paa moja, na mfereji wa kutolea mavi katikati ya upande wa ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wanapasha nyumba joto. Cumbria kwenye milima ni mawe ya bapa meusi meusi, na paa la mawe ya bapa. Sababu ni moja tu, kusafirisha jiwe kwa mkokoteni wa ng'ombe kwenye barabara za matope miaka ya 1600 kulikuwa kunaweza kukugharimu kuliko jiwe lenyewe. Tajiri wa kanisa kuu anaweza kuleta jiwe kwa mashua kutoka mbali. Mkulima anachimba shimo kwenye kona ya shamba lake, na mara nyingi hilo shimo bado lipo, limeota nyasi, karibu na nyumba.

Niliuzunguka ukuta mara tatu. Mpwa wangu alichoka akaenda kukaa na mama yake. Mimi nilikuwa nasoma jinsi walivyoujenga, na ukuta kwa mwashi unasomeka kweli, kama barua.

Kwanza sio ukuta mmoja. Ni kuta mbili zilizosimama zinatazamana, wa nje na wa ndani, na katikati wamejaza vipande vya mawe na chokaa. Ukiangalia kina cha dirisha unaona unene, kuta za aina hii huwa sentimita 50 mpaka 60 hivi. Sasa kuta mbili zilizosimama kila mmoja peke yake zitaachana, hilo fundi yeyote anajua, kwa hiyo kila baada ya hatua kadhaa wanaweka jiwe refu linalovuka kutoka nje mpaka ndani, linazifunga kama kifungo cha shati. Pembeni kwenye kona wanaweka mawe makubwa yaliyochongwa vizuri, moja linaelekea huku lingine linaelekea kule, kwa kupishana, hapo ndo nguvu yote ya nyumba ilipo. Na katikati ya kona na kona mawe ni ya kawaida tu, hayajachongwa sana, yamepigwa nyundo uso wa mbele ukawa sawa basi, maana kuchonga ni hela. Kwa hiyo ukiwa mbali unaona nyumba ya heshima, ukiwa karibu unaona mkulima alivyokuwa anahesabu senti zake, mawe ya kuchongwa kayaweka kwenye kona na kwenye madirisha na mlango, kwingine kaokoa. Nilimpenda sana huyo mtu.

Kitu kingine, na hiki Mwalimu alinifundisha Mombasa kwa kunipiga kofi la kichwa, jiwe lazima lilale ukutani kama lilivyolala ardhini. Jiwe la chokaa lina matabaka, kama vitabu vilivyopangwa. Ukiliweka limelala matabaka yanabebana. Ukilisimamisha, mvua na baridi vinaingia kati ya kurasa na uso wa jiwe unabanduka kidogo kidogo. Miaka 400 ile mawe ya Woolsthorpe karibu yote nimeyaona yamelala. Machache yaliyosimamishwa unayajua, yameliwa.

Huku Kasese hatuna hiyo bahati. Mawe yetu ni ya mto Nyamwamba, mafuriko ya Mei 2013 yalishusha mawe makubwa kama magari katikati ya makazi ya Kilembe, watu walipoteza nyumba na ndugu, na mpaka leo tunayapasua tunajengea msingi. Ni magumu ajabu, tindo inaruka, na ni ya mviringo. Jiwe la mviringo halilali. Linahitaji simenti ilishike kwa nguvu, halikai kwa uzito wake. Kwa hiyo mtu asije akasema mafundi wa Kasese hawajui mawe, tunajua, ila mawe yenyewe yana tabia tofauti.

Madirisha nayo nilitaka niyaseme. Ni marefu kwa upana, na ndani yake kuna nguzo ndogo za mawe zinaligawa dirisha vipande viwili vitatu, na juu kuna jiwe limetokeza kama kope za jicho ili maji ya mvua yadondoke mbali, yasitiririke kwenye kioo. Zile nguzo sio pambo. Hawakuwa na linta ya zege wala chuma, jiwe refu likiwekwa juu ya nafasi pana linakatika katikati, kwa hiyo unaligawia mzigo, nguzo hapa nguzo pale. Vioo vilikuwa vidogo vidogo vimeshikwa na madini ya risasi kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kutengeneza kioo kikubwa. Halafu mwaka 1696 serikali yao ikaleta kodi ya madirisha, ukiwa na mengi unalipa zaidi, na watu wakaanza kuyaziba kwa mawe na matofali. Kodi hiyo ilikaa mpaka 1851. Ukitembea vijijini unaona madirisha yaliyozibwa mpaka leo, umbo lipo mwanga haupo, na mimi nikafikiria watoto waliokua kwenye vyumba vile.

Tukaingia ndani. Mama mmoja mzee anayejitolea pale ndo alikuwa anatuelezea, nyumba iko chini ya National Trust, ni chama kinachotunza majumba na ardhi za kihistoria kwa niaba ya watu wote, wanayo tangu miaka ya 1940. Alipojua mimi ni mwashi aliacha habari ya Newton akanipeleka kwenye meko.

Meko yao sijui nieleze vipi. Ni chumba ndani ya chumba. Boriti nene ya mwaloni juu, chini yake nafasi ya watu kukaa wakiwa karibu na moto kabisa, na juu dohani pana inapanda mpaka nje. Kabla ya hizo dohani nyumba zao zilikuwa kama jiko la mama yangu, moto katikati ya sakafu, moshi unapanda unatafuta njia kwenye paa, macho yanawasha, na paa lote limejaa masizi. Dohani ilipokuja kwa wakulima ndo ilibadilisha nyumba yote, kwa sababu moshi ukishapata njia yake, ile nafasi ya juu unaweza kuweka dari, ukiweka dari umepata vyumba vya kulala juu. Yaani ghorofa ilizaliwa na dohani. Mimi nilikuwa najenga nyumba miaka 20 na kitu sijawahi kuwaza kwamba moshi ndo unaamua nyumba iwe na ngazi au isiwe nayo. Serikali nayo haikukosa hapo, kati ya 1662 na 1689 walikuwa wanatoza kodi kwa kila meko, shilingi 2 kwa mwaka, wakaguzi wanaingia nyumba kwa nyumba wanahesabu.

Kwenye meko hapo hapo ndo walipogundua mwaka 2017 mchoro wa kinu cha upepo umekwaruzwa ukutani, hauonekani kwa macho, mtaalamu alitumia taa za kupiga kutoka pande mbalimbali na kompyuta mpaka ukatokea, na wanadhani ni Newton akiwa mtoto aliuchora baada ya kuona kinu kinajengwa karibu na Grantham. Mpwa wangu hapo alifufuka. Alitaka kujua kama mama yake Newton alimchapa. Kwenye nyumba nyingi za mawe za umri huo ukichunguza meko na milango unakuta pia alama za duara zenye petali sita, wamechora kwa bikari, za kuzuia wachawi wasiingie, na wengine walikuwa wanaficha kiatu kikuukuu ndani ya ukuta karibu na dohani. Makumbusho ya Northampton wanaweka orodha ya viatu vilivyopatikana ukutani. Dada yangu akaniangalia tu. Wote tunakumbuka kitu gani bibi alikizika chini ya kizingiti chetu, na hatukusema.

Paa niliambiwa historia yake na nilirudi siku nyingine na basi mpaka vijiji vya upande wa Stamford kuyaangalia vizuri. Kuna kijiji kinaitwa Collyweston wanatoa mawe ya kuezekea. Wanachimba magogo ya jiwe la chokaa chini ya ardhi, wanayalaza nje kwenye nyasi majira ya baridi, wanayamwagia maji yasikauke, halafu wanasubiri. Maji yanaingia kwenye matabaka, usiku baridi inayagandisha, barafu inavimba, jiwe linapasuka lenyewe kurasa kurasa, halafu fundi anamalizia kwa nyundo ndogo. Fikiria fundi ambaye mwenzake wa kazi ni baridi. Mawe makubwa yanakaa chini kwenye ukingo wa paa, yanapungua ukipanda, mpaka ya juu kabisa ni madogo kama kiganja, kwa hiyo paa linaonekana kama mgongo wa samaki na uzito mkubwa uko chini juu ya ukuta. Ni zito kuliko bati mara nyingi sana, ndo maana wanatumia mwaloni, na ndo maana mteremko ni mkali. Miaka ya karibuni majira ya baridi yamekuwa na joto, jiwe halipasuki, kazi ikawa karibu kufa, mpaka walipokuja kutengeneza paa la jumba la Apethorpe wakabuni njia ya kuyagandisha kwenye friza kubwa. Mimi hapo niliwaza Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoezekwa kwa nyasi, ilipoungua tarehe 16 Machi 2010, kila mtu alikuwa anauliza hela zitatoka wapi, lakini swali gumu lilikuwa mikono, ukoo wa Ngeye ndo wenye kazi ya kuezeka nyumba za Kabaka, na ujuzi wenyewe unapita mtu kwa mtu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike haya yote. Chokaa.

Ukuta ule wote hauna simenti hata kijiko. Simenti ya Portland ilipewa hati 1824, nyumba ilikuwa imeshakaa miaka 200. Wamejengea chokaa, jiwe lile lile la ukutani wamelichoma kwenye tanuru mpaka joto la nyuzi kama 900, linatoa hewa ya ukaa linabaki jepesi na kali, wanalizima kwa maji linachemka na kupasuka kwa fujo, linakuwa uji mweupe, wanauhifadhi, wanachanganya na mchanga. Ukishauweka ukutani unaanza taratibu kuvuta ile hewa ya ukaa kutoka angani, unarudi kuwa jiwe. Inaweza kuchukua miezi, hata miaka. Mwalimu alikuwa ananiambia Mombasa, chokaa haikauki, chokaa inakua. Pwani walikuwa wanapanga magogo duara wanaweka matumbawe juu wanawasha, siku nzima na usiku.

Na chokaa ni laini kuliko jiwe. Hapo ndo siri yote. Nyumba ile haina karatasi ya nailoni chini, maji ya ardhini yanapanda ukutani kama mafuta kwenye utambi wa taa, na mvua inaingia kutoka nje, lakini yote yanatoka kupitia chokaa, ukuta unalowa unakauka, unalowa unakauka, miaka 400. Yule mama akaniambia miaka ya nyuma watu wengi wenye nyumba kama hizi waliziba maungio kwa simenti wakidhani wanaimarisha, simenti ngumu kuliko jiwe, maji yakakosa mlango yakapitia kwenye jiwe lenyewe, na jiwe likaanza kubomoka simenti imebaki imesimama kama mifupa. Sasa mafundi wanaitoa kwa tindo ya mkono, sentimita kwa sentimita, ili wasiumize jiwe.

Nilikaa kwenye benchi pale nje. Miaka sita iliyopita nilimjengea mwalimu mmoja mstaafu nyumba sehemu ya chini karibu na mto. Matofali ya kuchoma ya kienyeji, mnayajua, laini, yanakunywa maji kama mkate. Tukapiga lipu ya simenti nzito nje na ndani, kwa sababu kila mtu ndo anachotaka na mimi niliamini ndo ubora. Misimu miwili ya mvua ikapita rangi ikaanza kupukutika chini, kuna unga mweupe wa chumvi, ukigonga lipu inalia kama ngoma. Ndani nyuma ya kitanda ukungu mweusi, mama wa nyumba ana pumu. Akaniita. Nikabandua nikapiga tena, safari hii simenti zaidi. Mwaka mmoja, ikarudi, na sasa tofali lenyewe limekuwa unga. Yule mzee hakunigombeza hata siku moja, aliniuliza tu kwa upole, fundi, tatizo ni nini, na sikuwa na jibu. Jibu nililikuta kwenye ukuta wa mfuga kondoo Lincolnshire.

Na chokaa tunayo. Muhokya hapo, ukitoka Kasese kuelekea Mbarara, watu wanachoma chokaa miaka mingi, unaona matanuru barabarani, na sisi tunainunua kupaka mashina ya miti na vyoo na mabanda ya kuku. Jiwe la chokaa limejaa huku kwetu, kiwanda cha Hima wanalisaga kuwa simenti. Lakini sijawahi kuona fundi wa rika langu Kasese anapiga lipu ya chokaa kwenye nyumba ya mtu. Najua pia kuni zinazokwisha kwa kuchomea ile chokaa, hilo linaniuma na sina jibu lake, ila simenti nayo haichomwi kwa jua.

Ukuta wenyewe siwezi kuuleta, na nasema hivi kwa sababu kuna jamaa wameanza kunitumia picha za nyumba za mawe za Kizungu wanataka niwajengee Kasese. Ardhi yetu inatikisika. Mwaka 1966 tarehe 20 Machi tetemeko la Toro liliua watu zaidi ya 100, na la Februari 1994 nalikumbuka mwenyewe, nilikuwa mtoto, kabati la vyombo lilitembea. Kuta mbili zilizojazwa vipande katikati ndo kitu cha kwanza kupasuka na kuangukia watu ardhi ikicheza. Lincolnshire ardhi imetulia kuliko yetu, wao wanaweza. Mkulima wa kule alijenga kwa kusikiliza ardhi yake, na ukimwiga mawe yake bila kusikiliza ardhi yako hujamwiga. Kwa hiyo nitaendelea na nondo na mkanda wa zege juu ya milango, hapo simenti ina kazi yake ya haki. Ninachobadilisha ni ngozi ya ukuta.

Niliporudi nilienda Muhokya nikanunua magunia manne, nikachagua mawe yaliyoiva vizuri ambayo hayajazimwa, maana unga ulioachwa wazi umeshakufa. Nikayazima mwenyewe nyuma ya nyumba, watoto nimewafukuza mbali, miwani usoni, ilichemka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia. Uji nikauchuja kwenye wavu wa mbu nikauweka kwenye pipa, maji juu yake vidole vinne, nikafunika. Mwalimu alikuwa anakataa kabisa kutumia chokaa ya chini ya miezi mitatu.

Nimempigia yule mzee simu. Nilimweleza yote kama nilivyoeleza hapa, kwamba kosa lilikuwa langu mara zote mbili, na kwamba nataka kubandua ukuta mmoja tu, ule wa chumbani, bila malipo, niuache upumue mpaka ukauke halafu nipige chokaa na mchanga wa mto uliochekechwa, tabaka tatu nyembamba. Akanyamaza kidogo, akasema mama watoto anauliza itakuwa rangi gani. Nikamwambia nyeupe, ila mwanzoni itakuwa na madoa madoa mpaka izoee. Pipa lina wiki ya tano sasa.